Paka Aliyechomwa Sindano Hadi Jumapili

Jumatatu, 9 Juni

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi: ukishalisoma, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa usimwambie Kalamu Nne. Mimi ni karani wa masjala, niko kwenye kipindi cha majaribio, na kipindi hicho kinakwisha tarehe 30. Nafasi ya kudumu ni moja. Tuko wawili: mimi, na huyo Kalamu Nne anayekaa meza ya mbele yangu na kupanga kalamu nne mfukoni kama askari mwenye nishani. Neno moja likivuja, nimekwisha.

Leo Mkuu wa Masjala ametoka ofisini kwake akasimama katikati ya makabati. Kwa kawaida akisimama pale, kuna faili limepotea. Nikaanza kupekua meza yangu kabla sijajua ni lipi. Kumbe anatafuta mtu wa kumchukua paka. Alikuwa paka wa mkewe, yule mama tuliyemzika Machi. Ana miaka tisa, anaitwa Hakimu, na ana kisukari. Sindano mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, akishakula, mpaka mwisho wa maisha yake. Mkuu alisema mkono wake yeye hauna uhakika tena.

Kalamu Nne akapata kikohozi papo hapo, akaeleza kwamba manyoya humbana kifua. Mimi naogopa paka. Sindano naziogopa zaidi. Lakini Mkuu ndiye atakayependekeza nani abaki, na nikajiuliza ni nani anayeweza kumfukuza mtu anayemlelea paka. Mkono ukapanda wenyewe.

Nimepewa pia kadi yenye safu za tarehe, saa, dozi na saini. Kila Ijumaa lazima ifike mezani kwa Mkuu. Nisaini baada ya kuchoma, si kabla. Amelirudia hilo mara tatu. Wakubwa hupenda kurudia maneno.

Jumanne, 10 Juni

Nimesaini daftari la mahudhurio hadi Ijumaa, kuingia na kutoka, kama tufanyavyo wote pale masjala. Huokoa muda.

Jioni nimemleta Hakimu nyumbani kwa Shangazi, ninakoishi. Ni paka mkubwa, rangi ya chungwa, sikio moja limechanika. Ameketi mlangoni akanitazama kama mtu anayejua kesi yangu tayari. Shangazi alikuwa mhudumu wa wodi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Ameuliza kama nimeleta mgonjwa au mpangaji. Nimesema nimeleta ajira. Ameniambia ajira yangu inakojoa kwenye viatu vyake.

Saa moja jioni nimechoma sindano yangu ya kwanza. Nimefumba macho. Nilipofumbua, sindano ilikuwa imesimama kwenye mto wa kiti. Shangazi ameuliza kama kiti nacho kina sukari. Kisha ameinua ngozi ya shingo ya Hakimu kwa vidole viwili, akanishika mkono, tukachoma pamoja. Hakimu hakushtuka. Mimi nililazimika kukaa chini.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepeleka kadi. Mkuu ameisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea. Saa moja na dakika nne. Saa moja kasoro mbili. Amesema ni vizuri. Ameuliza kama Hakimu bado hulala na mguu mmoja juu ya jicho. Nimesema ndiyo. Sijawahi kutazama.

Kalamu Nne aliona nikitoka. Ameniuliza mganga wa paka anapokea wagonjwa saa ngapi, maana nyumbani kwao kuna panya mwenye homa. Masjala nzima imecheka. Nimecheka pia, nisionekane nimeumia.

Jumapili, 15 Juni

Nimepata wazo. Ile kadi ina sura mbaya: saini nyingine zimelala, nyingine zimekimbia nje ya mstari kwa sababu mkono ulikuwa bado unatetemeka. Mkuu ni mtu wa usafi wa kumbukumbu. Kwa hiyo leo, nikiwa nimetulia, nimechukua rula nikajaza kadi ya wiki nzima ijayo, Jumatatu hadi Jumapili. Saa moja kamili, saa moja kamili, uniti mbili, uniti mbili. Saini kumi na nne zimesimama kama gwaride. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi.

Jumatano, 18 Juni

Lazima niandike haya.

Jana alasiri tulisikia Kalamu Nne amechaguliwa kusoma taarifa ya masjala mbele ya Mkurugenzi. Asubuhi ya leo nilimlisha Hakimu huku kichwani nikitunga hotuba ya kumwonyesha Mkuu kwamba taarifa ile ilinifaa mimi. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilipokwisha nilikuwa nimevaa viatu, nimesimama jikoni, na sikumbuki kama nimechoma.

Nikatazama kadi. Imesainiwa. Lakini hata ya kesho imesainiwa. Nikafungua kopo la sindano zilizotumika: zimejaa, na hakuna ya kunieleza ni ya lini. Shangazi alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nikamtazama Hakimu, naye akanitazama.

Nikafikiri kama karani. Kadi inasema paka amechomwa. Nisipochoma, huenda kadi ikawa ya uongo. Nikichoma, kadi itakuwa ya kweli kwa vyovyote vile. Nikachoma. Nikaenda kazini.

Saa nne simu ya masjala ikalia. Aliyeipokea ni Kalamu Nne. Mkuu alikuwa kikaoni, naye akatangaza kwa sauti ya kwaya kwamba shangazi yangu anasema mgonjwa wangu anakufa. Nikakimbia. Hakuna aliyeniandikia ruhusa, wala haikuhitajika. Kwa mujibu wa daftari la mahudhurio nilikuwa ofisini hadi saa kumi na nusu.

Shangazi alikuwa amepiga magoti chini ya meza. Hakimu alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, povu mdomoni. Shangazi alikuwa akimpaka asali kwenye fizi kwa kidole, akimsemesha taratibu, baba yangu, usiondoke, baba yangu, kidogo tena. Bila kugeuka aliniuliza nimemchoma mara ngapi. Nilisema sijui. Aliniuliza tena. Nikasema kadi inasema mara moja.

Daktari wa mifugo ni mama mwenye mikono mikubwa na macho yaliyochoka. Alimwekea Hakimu dripu, kisha akaomba kadi. Akaisoma. Akainua kichwa akatazama kalenda iliyoko ukutani, akarudi kwenye kadi.

Akasema, "Kijana, paka wako amechomwa hadi Jumapili. Leo ni Jumatano."

Nikaichukua kadi nikaikunja.

Hakimu ataishi. Lakini haoni. Daktari alipitisha taa mbele ya macho yake na macho hayakuifuata. Amesema huenda yakarudi, huenda yasirudi, na kwamba sukari ikishuka vile ubongo ndio hulipa. Njiani Hakimu alikuwa kwenye kikapu mapajani mwangu. Alikuwa akigeuza kichwa kila niliposogea, lakini upande usio sahihi.

Alhamisi, 19 Juni

Shangazi amechukua dawa na sindano. Atachoma yeye. Baada ya kila sindano anachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na hachori kabla hajachoma. Nimemweleza kwamba ukuta si kumbukumbu rasmi. Amenitazama mpaka nikatoka nje.

Kesho ni Ijumaa. Kadi inatakiwa. Siwezi kumpelekea Mkuu kadi iliyofika Jumapili. Nimetafakari, nimeona kosa langu liko wapi: nilitumia kalamu moja. Kadi ya kweli hujazwa kwa kalamu tofauti, katika hali tofauti. Nimemwomba Kalamu Nne aniazime kalamu zake zote. Ameuliza kama namwandikia paka wosia. Ameniazima, lakini amezihesabu mbele ya watu.

Jioni nimeandika kadi mpya inayokomea leo. Saini zimelala, zimekimbia, mbili zimechanganyikana. Nimemwagia chai kidogo kwenye pembe. Nimemwomba Shangazi aweke saini moja kama shahidi. Amekataa. Amesema amepiga deki chini ya vitanda vya watu ambao kadi zao zilikuwa hazina dosari hata moja, na wenyewe walikuwa wamekwishapelekwa chumba cha maiti.

Ijumaa, 20 Juni

Mkuu aliishika kadi muda mrefu. Aliinusa. Akasema chai.

Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi nyingine ya aina ileile, akaiweka kando ya yangu. Juu yake lilikuwa jina la mkewe. Nilidhani nimekosea kusoma. Mkuu akaeleza, polepole, kwamba yule mama naye alikuwa wa sindano. Yeye na paka, saa moja na saa moja, na aliyekuwa akiwachoma wote wawili ni yeye Mkuu. Kadi ile imesainiwa hadi tarehe 31 Machi. Saini zote zimenyooka.

"Alifariki tarehe kumi na nne," alisema. "Nilijaza mimi. Nilizoea kazini. Mpaka leo sijui kama asubuhi ile nilimchoma au sikumchoma, au nilimchoma mara mbili. Kadi haisemi."

Hakulia. Alinyoosha kadi zote mbili ukingoni mwa meza zilingane. Akasema ndiyo maana hakuweza kubaki na Hakimu. Halafu akaniuliza: Hakimu mzima?

Nilimtazama. Nilikuwa na nafasi. Nilihisi maneno yamefika kooni, yote, kwa mpangilio. Nikakumbuka tarehe 30.

Nikasema mzima kabisa, Mkuu. Na macho? akauliza, maana kisukari hula macho. Nikasema anaona mbali.

Akafumba macho, akashukuru. Amesema Jumatatu saa kumi na moja jioni atapita kwa Shangazi akae naye kidogo. Atakuja na kiti chake mwenyewe, kile ambacho mkewe alikuwa akikalia, pengine Hakimu atakitambua.

Jumamosi, 21 Juni

Kutwa nzima nimefanya mazoezi na Hakimu. Nimepanga dagaa sakafuni kutoka jikoni hadi mlangoni, ili Jumatatu aonekane anatembea akimfuata mgeni kwa macho. Mara ya kwanza aliingia kwenye beseni. Mara ya pili aligonga mguu wa meza, akasimama, akaunusa, akauzunguka. Mara ya tatu aliacha dagaa wote akaja moja kwa moja nilipokaa. Akapanda mapajani, akainamisha shingo chini ya mkono wangu, mahali penyewe pa sindano, akasubiri. Ilikuwa saa moja kasoro dakika mbili.

Sikuwa na sindano. Nilimshika tu. Ni kweli hulala na mguu mmoja juu ya jicho.

Shangazi akaja akachoma, akachora mstari wake. Akaniambia, mwanangu, Jumatatu yule mzee akifika umweleze kabla hajakaa. Usipomweleza wewe nitamweleza mimi. Nikamwambia nimeelewa. Nitamtafutia Shangazi safari ya Jumatatu jioni.

Jumatatu, 23 Juni

(Naiandika leo Jumamosi, kwa kuwa Jumatatu nitakuwa na shughuli nyingi.)

Mkuu alifika saa kumi na moja kamili. Shangazi hakuwepo. Hakimu alitembea vizuri hadi mlangoni akamtazama Mkuu machoni. Mkuu alifurahi sana. Hakuna aliyeuliza lolote. Pendekezo limeandikwa kwa jina langu. Kalamu Nne amenipongeza. Hakimu amechomwa saa moja kamili, uniti mbili.

Wewe unayesoma, ukihitaji kunifikia, njoo masjala, dirisha la tatu, ugonge mara mbili. Kalamu Nne akikuuliza shida yako, sema umekuja kwa ajili ya faili. Ukikuta kiti changu kitupu usihangaike. Omba daftari la mahudhurio. Limesainiwa hadi tarehe 30, na linasema nimo.