Namba ya Ugonjwa Aliyopewa Mkwe Wangu Asiyeumwa

Ndugu Mkuu wa Zahanati,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu akipimwa ugonjwa, basi anao. Kosa hili nawasamehe majirani, mawifi na hata mke wangu, maana hawakulisomea. Sikutarajia kulikuta ndani ya kompyuta yenu, limetulia kama mwenye nyumba.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Naandika kwa ajili ya mkwe wangu, mke wa kitindamimba wetu, ambaye ana mimba yake ya kwanza na siku zake zimekaribia. Alipoanza kliniki mlimtoa damu mkampima homa ya ini, kama mnavyompima kila mama mjamzito. Hapo sina ugomvi. Mama akiwa nayo, mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa, na akichanjwa mapema hukingika. Kwa hiyo ni busara kujua. Majibu yalitoka kwamba hana. Tukamshukuru Mungu, tukala. Kisha akapewa kadi, na kwenye kadi imegongwa ile namba ambayo kompyuta yenu huwapa wagonjwa wa homa ya ini, kubwa kama namba ya mlango.

Malalamiko yangu nayapanga kwa utaratibu, usije ukapotea njiani.

1. Nilikuja mwenyewe dirishani kwa karani wenu, yule mnayemwita Chapuchapu. Nikamwuliza kwa upole inakuwaje mtu mzima wa afya apewe namba ya mgonjwa. Akanijibu bila kuinua macho: "Mzee, kompyuta haikubali kipimo bila sababu. Nikiacha wazi, inagoma. Basi kila anayepimwa homa ya ini nampa homa ya ini, tunasonga mbele." Nikauliza kama hakuna namba ya mtu aliyekuja kupimwa tu. Akasema ipo, ila iko chini kabisa ya orodha, mpaka ushuke sana. Ndugu Mkuu, kijana ana vidole kumi na kiti cha kuzunguka. Kushuka kunamshinda nini?

2. Nimepima viwanja tangu nikiwa na nywele. Tulikuwa tukienda kutafuta mgogoro wa mpaka, na tusipouona tunaandika kwamba tumetafuta na haupo. Hatukukiandika kiwanja kuwa cha mgogoro ati kwa sababu tumeutafuta. Tungefanya hivyo, nchi nzima ingekuwa mahakamani, na sisi wapima tungekuwa mashahidi wa kila mtu.

3. Kwa hesabu ya Chapuchapu, wajawazito wote wa mtaa huu ni wagonjwa wa ini. Sasa, aliniambia kwa majivuno kwamba naye alipimwa alipoajiriwa, na wewe pia. Naomba basi nanyi mgongwe namba hiyohiyo, kwenye mfuko wa koti, mahali panapoonekana. Msiba wa wengi, Waswahili husema, ni harusi, tucheze wote.

4. Kliniki iliyofuata, nesi wa zamu aliisoma ile kadi akaita mbele ya benchi zima la akina mama: "Wewe wa homa ya ini, kaa kule mwisho." Habari ilifika nyumbani kabla ya mkwe wangu, maana yenyewe haina miguu iliyovimba. Mke wangu akaitisha kikao, nami kama msomi nikakiongoza. Mkwe alitengewa kikombe cha bati kilichong'oka kishikio. Nilipouliza kama hatujazidisha, mke wangu akanijibu: "Mimi simchukii mwanangu, nachukia ini lake." Mimi nikapewa kikombe cha kaure chenye maua, kwa kuwa ndimi mzizi wa damu safi ya nyumba hii.

5. Na hapa ndipo penye heshima ya ukoo. Babu yangu alifariki akiwa na ini lisilolalamikiwa na mtu. Baba yangu vilevile. Mimi mwenyewe ninakula kila kitu na sijawahi kuugua zaidi ya mafua. Katika ukoo wa namna hii ugonjwa huo ungeingilia mlango gani? Kwa hiyo nadai lipite gari lenye kipaza sauti, mtaa kwa mtaa, likitangaza kwamba ini la mkwe wangu ni zima na la ukoo mzima ni zima zaidi. Pia nadai wewe mwenyewe, Ndugu Mkuu, uje unywe chai kwa kile kikombe cha bati mbele ya majirani. Sukari itakuwepo.

6. La mwisho silitanii. Mkwe wangu amekataa kuja kujifungulia kwenu. "Baba, nitazalia chumbani," ameniambia. "Benchi wameniweka mwisho, na wodini wataniweka mwisho." Mkunga wenu alishamwonya kwamba presha yake inapanda na asithubutu kuzalia nyumbani. Tafadhali pima uzito wa jambo hili: kijana mmoja kaona uvivu kushusha kidole, na watu wawili wanaweza kushushwa kaburini.

Ili kuwafunga watu midomo, kesho asubuhi naileta nyumba yangu yote ipimwe. Mtaona wenyewe damu inavyotakiwa kuwa.

Wasalimie wauguzi, mlinzi wa getini, mama anayefagia ukumbi, na Chapuchapu. Salamu za pekee kwa kidole chake.

Wako katika vipimo vilivyo sahihi,
Mpima Ardhi Mstaafu

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni tulipokuja kupimwa. Watoto hawana. Mke wangu hana, na amekwisha kuutangazia mtaa bila kipaza sauti. Aliyekutwa nayo ni mmoja tu, naye ni mzizi wa damu safi. Nesi amenieleza kwamba mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua, na kwamba nirudi kwa vipimo zaidi ili ijulikane kama nahitaji dawa. Naomba lalamiko la tano lihesabiwe kuwa halikuandikwa, na gari la matangazo libaki gereji.

Tulipofika nyumbani nilikwenda mwenyewe kukichukua kile kikombe cha bati. Mkwe wangu akaninyang'anya. Akamimina chai kwenye kile chenye maua, akanywa yeye kwanza, akanipa. "Kunywa, baba. Nesi kasema haiambukizi kwa kikombe." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya benchi. Mke wangu akakitupa kile cha bati jalalani bila kuitisha kikao, hali ambayo ni adimu na inastahili kupewa namba yake.

Amekubali kuja kujifungulia kwenu, mradi asiitwe tena kwa ugonjwa usio wake. Chapuchapu naye aliniingizia namba yangu palepale dirishani majibu yalipotoka, akafurahi: "Umeona, mzee? Yako haikugoma."

Kadi yangu iacheni ilivyo. Ya mkwe wangu isahihisheni leo.