Watoto Waondolewe Bustani ya Alizeti kwa Kuamkia Kupita Kiasi

Nduguti, Mkalama
Jumatatu

Mhariri,
Ukurasa wa Barua za Wasomaji

Ndugu Mhariri,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, mlango umefungwa, na usimwambie mtu neno lake hata moja. Ukishamaliza, naomba uichapishe mahali panaposomwa na watu wengi, ikiwezekana karibu na habari za mpira. Najua maombi haya mawili yanavutana kidogo. Nimeyafikiria tangu asubuhi na sijaona namna nyingine.

Mimi ni karani wa masijala katika Bustani Kuu ya Burudani ya Alizeti, iliyofunguliwa nje kidogo ya mji wetu. Ijumaa hii bodi ya bustani inakutana kuamua kama sehemu ya michezo ya watoto ibaki au ing'olewe. Meneja wetu, Mzee Antipasi, anataka ing'olewe. Ameniagiza niandike gazetini kama mwananchi wa kawaida aliyekerwa, na amesema barua isipotoka kabla ya Ijumaa, nitapanda Nyuki Mkali.

Nyuki Mkali ni treni yetu inayopanda juu sana, inageuka miguu juu kichwa chini, kisha inashuka kwa kasi ambayo waliotengeneza wameiandika kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Mimi hata nikipanda ngazi ya kubadilishia taa huwa naomba mtu anishikie. Kwa hiyo nimekerwa sana, na sababu zangu ni hizi:

1. Watoto wanaiaibisha mitambo. Nyuki Mkali ililetwa kwa meli, ikapandishwa kwenye malori, ikafungwa na mafundi wageni waliokaa hapa mpaka wakazoea kula mlenda. Mtoto anaipita bila kuitazama na kwenda kwenye lundo la mchanga. Mchanga wenyewe umetoka korongoni hapo chini, angeweza kuuchezea bila kupita getini. Matokeo yake treni inazunguka tupu. Ili isionekane tupu, fundi hupakia magunia ya alizeti na kuyafunga mikanda. Kuna gunia moja la kutoka Mitundu ambalo limeshapanda mara nyingi kuliko binadamu yeyote wa mkoa huu, na halijawahi kulalamika. Meneja hulitaja gunia hilo kila anapoulizwa kuhusu usalama.

2. Watoto huja na wazazi, na wazazi wanaharibika. Wanatandika mkeka kwenye kivuli cha mtelezo, wanatoa viazi vya kuchemsha na chai ya chupa, wanaanza kuulizana habari za ndugu. Mtu aliyekuja kuogopeshwa anajikuta anapumzika. Juzi mrina asali mmoja kutoka Rungwa alimsubiri mwanawe chini ya mtelezo, akachoka kusubiri, akapanda akateleza mwenyewe. Jesca, dada anayekata tiketi, akamwambia, "Baba, huo ni wa watoto." Akajibu, "Na mimi nina mama, yuko Rungwa," akapanda tena. Hakukuwa na kifungu cha kumzuia. Nilitafuta.

3. Watoto wanaamkia. Hapa ndipo penye kidonda, na naomba Mhariri usicheke, kwa sababu mimi nilicheka na ndiyo maana nimepewa kazi hii.

Siku ya ufunguzi Mzee Antipasi alisoma risala ndefu kwa kipaza sauti kile kisicho na waya. Alisema Nyuki Mkali ni salama hata kwa bibi aliyejifungua jana, na kwamba yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuipanda pamoja na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa Mama Elizabeti, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Meneja darasa la tatu. Mama akavua viatu, akaketi, akafungwa mkanda. Meneja akasema anakwenda kuangalia jambo moja dogo, akaondoka, hakurudi.

Tulimtafuta ofisini, jikoni na nyuma ya jenereta. Mama Elizabeti alikuwa bado amefungwa mkanda, mkoba wake magotini, anatazama mbele.

Wakati huohuo watoto wa chekechea waliletwa kwenye bwawa la mipira. Bwawa hili halina maji. Ni shimo pana lililojazwa vimpira vya plastiki vya rangi zote, mtoto anaingia humo na kuzama mpaka shingoni. Yasinta, binti yake Jesca, mwenye miaka mitano, aliona kiatu cheusi kilichong'arishwa kimetokeza kati ya vimpira. Kwao Yasinta ukiona kiatu cha mtu mzima unakiamkia. Akasema, "Shikamoo."

Mzee Antipasi, Ndugu Mhariri, amelelewa vizuri. Anaweza kumkimbia mgeni rasmi, lakini hawezi kumwacha mtoto na shikamoo yake hewani. Kutoka chini ya vimpira akaitika, "Marahaba."

Kilichofuata ni malezi ya mwalimu wao. Amewafundisha kwamba shikamoo ya mwenzako si yako, kila mmoja apeleke yake. Wakajipanga. Shikamoo, marahaba. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Darasa zima. Na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Meneja, hakijazimwa, kwa hiyo marahaba zote zilitoka kwenye spika kubwa nane zilizofungwa kuzunguka bustani.

Mzee mmoja jukwaani akauliza, "Nani huyo anaitika, mbona hatujamwamkia?" Watu wakaona wamekosa adabu. Wakasimama, umati mzima, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo." Spika zikajibu, "Marahabani, kaeni."

Hapo Mama Elizabeti akasema, bila kugeuza shingo na bila kipaza sauti, "Antipasi, toka huko."

Akatoka. Mifuko ya suti yake ya Kaunda ilikuwa imejaa vimpira, na kimoja cha kijani kilianguka njiani kila mtu akikitazama. Mama akafunguliwa mkanda, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani. Kuanzia siku hiyo Meneja amekuwa na msimamo thabiti kwamba sehemu ya michezo ya watoto haina nafasi katika bustani kubwa ya kisasa.

4. Watoto hawasahau. Kila asubuhi Meneja akipita getini huwa wapo, na huwa wanasema, "Shikamoo babu wa mipira." Lazima aitike. Amejaribu kupita mlango wa jikoni, wakahamia jikoni. Amejaribu kuweka simu sikioni, wakasubiri amalize. Hawamdhihaki, Ndugu Mhariri, na hilo ndilo linalouma zaidi. Wanampenda. Wanadhani ndiye anayekaa humo.

5. Jambo hili halitaishia bustanini. Kazi ya bustani kubwa ni kumtia mtu mzima hofu kwa utaratibu: anapanga foleni, anapanda, anapiga kelele, anashuka akiwa amelowa jasho na kushukuru. Nchi yetu haina upungufu wa huduma hiyo, ofisi nyingi zinaitoa, ila sisi tuna mikanda. Sasa mwananchi akionjeshwa kwamba anaweza kufurahi bila kutishwa kwanza, unadhani ataishia kwenye mchanga? Kesho atataka mtelezo kwenye ofisi ya ardhi. Keshokutwa ataingia kwa karani kama mimi bila kutetemeka, anaomba faili lake huku anatabasamu. Mimi nimesoma mpaka stashahada. Mtu akija bila kutetemeka sijui nianzie wapi, kwa sababu huwa tunaanza kwa kutetemeka pamoja.

6. Kwa kuwa si vizuri kulalamika bila kupendekeza, napendekeza mtoto asiruhusiwe kuingia bustanini mpaka alete barua ya mtendaji wa kata inayothibitisha kwamba utoto wake umekwisha. Atakayekuwa bado nao auache getini, mlinzi amwandikie. Vimpira vipelekwe kwenye ukumbi wa bodi, maana kwa taarifa nilizonazo wajumbe wameshauliza kama vinaweza kukaliwa. Na mtoto atakayepatikana ndani kwa bahati mbaya aruhusiwe kuamkia mara moja tu, kwa niaba ya wote, kwa maandishi.

Ni matumaini yangu kwamba sababu hizi zinatosha kuishawishi bodi, na kuniacha mimi chini, ardhini, mahali nilipozoea.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia wapiga picha mpaka mlinzi wa zamu, lakini usiwaambie salamu zimetoka wapi.

Ni mimi,
Mzazi Mwenye Uchungu

(Sina mtoto. Meneja amesema jina hili lina uzito.)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nikaifungua. Jesca amekuja kuniambia wanachotaka kujenga mahali pa watoto. Ni treni ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, itaitwa Nyuki Malkia. Mama Elizabeti amekubali kuipigia kura, kwa sharti moja. Amesema, "Magunia yapumzike sasa. Wa kwanza kupanda ni Antipasi, na yule kijana wake wa masijala akae pembeni yake."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba barua yote hapo juu uisome kinyume. Kila penye "waondolewe" weka "wabaki", na penye "wanaharibika" weka "wanapona". Watoto wasipokuwa na pao hapa, hata sisi hatutakuwa na petu. Mzee Antipasi amekubali mabadiliko haya. Nimemuuliza ana kwa ana, yuko hapa, upande wa vimpira vyekundu. Mimi niko upande wa bluu. Shimo hili ni zuri sana, sijui kwa nini nilichelewa.

Ukihitaji maelezo zaidi usipige simu, italia. Njoo mwenyewe. Pita geti dogo, mwambie Jesca umekuja kuona mchanga. Vua viatu, inama, pita ndani ya bomba la njano mpaka mwisho, kisha ingiza mkono kwenye vimpira taratibu mpaka ushike bega. Usije na mtoto. Na usinionyeshe uso wako, maana umri wako siujui. Ukiwa mkubwa kwangu nitalazimika kukuamkia, na ukiwa mdogo kwa Mzee utalazimika kumwamkia yeye, naye ataitika, na kile kipaza sauti bado kiko mfukoni mwake.