Siku Niliyomficha Nguruwe wa Mama

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, bwana mifugo na nguruwe. Nguruwe peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Mnamjua Ada, nguruwe wa mama. (Tulimpa jina hilo kwa sababu watoto wake ndio walionilipia chuo. Mimi ni zao la kitimoto na sioni haya.) Korona ilipoingia, wateja wa nyama walipotea. Tukauza nguruwe wote kwa bei ya kutupa, akabaki Ada. Sasa ana mimba na banda lake linavuja vibaya. Mvua za kwetu Nyololo mnazijua.

Asubuhi nikasikia kijiweni kwamba serikali inaleta msaada kwa wafugaji walioyumba wakati ule, na bwana mifugo yuko njiani. Bodaboda mmoja akanivuta pembeni: "Ukionekana na mnyama, umekatwa. Wanamtaka asiye na kitu kabisa."

Nikatimua mbio nyumbani. Nikamwingiza Ada chumbani kwangu na ndoo ya viazi, nikafunga mlango.

"Festo, mimi uongo sisemi," mama akanionya. "Jumapili nasoma neno kanisani."

"Usiseme kitu, mama. We kaa tu."

Mara hodi, bwana mifugo na mwenyekiti wakaingia. "Kamwene!"

"Kamwene," tukaitikia salamu. Bwana mifugo akauliza kama tuna nguruwe.

"Nguruwe?" nikasema. "Hapa hata panya wamehama!"

Viazi vikaisha. Ada akaguna. Mama akanikata jicho, akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote. (Kuimba si uongo.) Mwenyekiti, ambaye ni besi wa kwaya yetu ya Kilutheri, akaudaka. Bwana mifugo akavua kofia. Tukamaliza beti zote, mimi nikipiga makofi kila Ada alipoguna.

Bwana mifugo akafuta machozi. "Mama, umenibariki. Ila roho inaniuma. Msaada wenyewe ni wa waliobakiwa na nguruwe jike tangu korona. Pumba, na mabati ya banda. Haya, sisi tunapita."

"Tunaye!" nikapiga kelele.

"Si umesema hamna?"

"Nimekumbuka!" (Nani husahau nguruwe mwenye mimba?)

Nikafungua mlango. Ada alikuwa amejilaza kitandani kwangu, suruali yangu ya kwendea harusini mdomoni.

Mwenyekiti akashika ukuta kwa kicheko. Bwana mifugo akatazama juu. "Sasa mabati ya nini? Huyu anaishi nyumba ya bati, na godoro analo!"

"Baba, uongo ni wa mtoto, banda ni langu," mama akasema. "Njoo uone linavyovuja."

Tukaenda, mvua ikitunyeshea. Majirani waliosikia wimbo walikuwa wamekuja wakidhani kuna ibada, nao wakafuata. Kwa nje matone hayakuonekana vizuri.

"Festo, ingia ulale pale anapolala mwenzio."

"Mama!"

"Ingia!"

Nikalala kwenye tope. Tone la kwanza likanipata jichoni, la pili puani.

"Geuka ubavu," mama akaniagiza. "Ada halali chali."

Nikageuka. Maji yakaingia sikioni. Majirani, badala ya kunionea huruma, wakatoa simu wakapiga picha.

"Inatosha, inatosha!" bwana mifugo akasema, hoi kwa kucheka. "Mama, mabati utapata."

Mama akanikumbatia na tope langu lote. Nawaambia ukweli, nilifurahi mpaka nikasahau aibu.

Shida ni Ada. Amegoma kutoka kitandani, na mama amenikataza kumvuta. ("Ana mimba!") Mabati yanakuja wiki ijayo. Msinicheke, ila mwenye godoro la ziada anistiri. Bandani siendi: nimeshakagua, panavuja kweli.