Kiti Changu na Kitambaa Kinachohisi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepata kazi ya akili. Dada Glory, mtafiti wa chuo kikuu, amekuja bandani kwangu, hapa Makanyagio nyuma ya nyumba, na vipande viwili vya kitambaa cheusi. Nyuzi zake zimepakwa polima, plastiki inayopitisha umeme. Ukikandamiza, simu iliyounganishwa nacho, na yangu ameshaiunganisha, inaonyesha doa jekundu palepale. Ni cha kutandikia wagonjwa wasioweza kujigeuza, muuguzi ajue ubavu gani umelaliwa sana kabla haujatoka kidonda. Nivishonee juu ya sponji, viwe vya majaribio. Vikifaa, kazi yote ya mradi ni yangu. Masharti: nishone kwa mkono, nisipige stepla, nisiloweshe. Ijumaa anavifuata. Nikamwambia awe na amani, nusu ya makochi ya Mpanda yamepita mikononi mwangu. Hiyo nusu ni makadirio.

Kero yangu ni Fredrick. Shemeji, mdogo wake mke wangu Recho. Alitoka Kakese kuja kujifunza ufundi, na nina hakika anakalia kiti changu. Kile kikubwa, cha mwenye nyumba. Kila nikiingia nakikuta kina joto. Anakana. Recho anamtetea. Sasa nina kitambaa kisichomtetea mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Kipande kimoja nimekiweka kitini, chini ya foronya. Siyo wizi, ni majaribio. Kushona kwa mkono ni kazi ya wasio na stepla. Nimepiga nne, safi kabisa. Kipande cha pili nimempa Fredrick ashone, asipate nafasi ya kushuku.

Saa nne simu ikawa nyekundu. Nikatoka mbio na futi ya mbao mkononi. Kuku, anataga kitini. Fredrick alikuwa bandani muda wote, nilimpita nikikimbia. Recho akauliza nakimbilia nini. Nikasema nimesikia harufu ya kuungua.

Hata hivyo nimefurahi. Kitambaa kinachomtambua kuku hakitashindwa kumtambua shemeji.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetangaza safari. Nakwenda Sitalike kupima makochi ya nyumba ya wageni, nitarudi jioni. Kisha nikajibanza nyuma ya choo na simu yangu. Jua kali. Siafu. Fredrick anashona bandani na kuimba, hata maji hakwenda kunywa. Amenihisi huyu, ni mjanja kupita umri wake.

Mzee Evarist, jirani, akaniona pale. Akauliza kama tumbo limetulia. Nikasema bado. Akaniletea dawa ya mizizi, nikainywa kwa heshima. Sasa limeharibika kweli.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda sokoni kununua sponji. Narudi, nakaribia ukuta wa nyumba, simu ikalia. Doa limejaa kiti kizima. Nikasema leo ni leo.

Nikaingia kwa mlango wa uani. Kiti kina mgongo mrefu, huwezi kumwona aliyekaa. Nikakichapa mgongoni kwa futi, nikapaza sauti kwamba ainuke, kupe mkubwa, wiki tatu anakula ugali wangu na hashibi.

Aliyeinuka ni mama mkwe.

Kumbe amefika asubuhi kwa bodaboda, na Recho amemwandalia chai. Chai yote ikamwagikia kitini. Kwetu sisi jina la mkwe halitamkwi; nikikutana naye njiani napisha pembeni na kuinamisha macho. Leo nimemwita kupe, tena mkubwa. Nikatoka kinyumenyume mpaka uani, macho chini.

Ijumaa, 12 Septemba

Glory amekuja. Kipande changu kinadai kuna mtu amekikalia, na kiko mezani peke yake. Chai imeingia, stepla zimekata nyuzi. Nikamweleza kwamba hayo ni majaribio ya ziada, sitamtoza. Hakucheka. Akakigusa cha Fredrick hapa na pale, kila doa likatokea mahali pake.

Kazi yote amempa Fredrick, na chumba cha kufanyia kule mjini. Imeniuma. Niliitaka sana kazi ile, na nilishawaambia majirani wote kwamba ni yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimelala nimefikiri, nimegundua kwamba nimeshinda. Nilitaka Fredrick aondoke. Ameondoka, tena kwa furaha. Nani mwingine Makanyagio amewahi kumtoa shemeji kwa teknolojia?

Lile la mkwe nalo limekwisha. Wazee wamekaa, nimetoa mbuzi na kanga, mama amenisamehe. Ila ameona binti yake anahitaji mtu wa karibu, kwa hiyo atabaki mpaka mvua zianze. Kiti changu kimempendeza. Anakikalia tangu uji wa asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku, na mimi siwezi kumwambia ainuke. Hata kupita mbele yake ni shughuli. Naandika haya nimekaa juu ya ndoo.

Lakini kile kitambaa kibovu Glory ameniachia, nami nimekata kipande ambacho chai haikukifikia. Kesho akienda kuoga nitakibana kwa stepla chini ya foronya. Akiinuka tu, simu itaniambia, na kabla hajafika mlangoni nitakuwa nimeshakaa.