Zaburi ya Ishirini na Tatu na Macho ya Ndila

Jumatatu, 5 Juni 1989. Mjini Wote.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba jicho lisiloona vizuri linahitaji daktari. Linahitaji mwalimu. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Jicho nimelichora ubaoni kila mwaka, pamoja na mboni.

Leo nimepokea katoni kutoka Nairobi. Lenzi za kuvaa juu ya jicho, jozi arobaini, zimelala katika vichupa vya maji ya chumvi. Duka lililoziuza limefungwa. Sikuuliza kwa nini. Mke wangu Mutindi ameuliza. Amenikumbusha pia dawa yangu ya kuku ya mwaka jana. Kuku wale walikuwa wazee.

Jumanne, 6 Juni.

Mteja wa kwanza: Ndila, fundi cherehani, jirani yetu. Anaolewa Jumamosi huko Mbooni na hataki kuingia kanisani na miwani mizito kama kitako cha chupa. Aliuliza kama haihitajiki karatasi ya daktari. Nikamweleza polepole kwamba karatasi ni ya wasio na kipimo. Mimi ninacho. Nilimvalisha jozi, nikampa Biblia, Zaburi ya ishirini na tatu. Akaisoma haraka kuliko mchungaji. Jozi ya kwanza tu, na imemfaa.

Wengine wanne wamefaulu pia. Hata mzee Kivuva, ambaye asubuhi alimwamkia punda wangu kwa heshima zote.

Nimemwagiza Ndila alale nazo, na zikikauka azisuuze kwa maji ya mtungi. Maji ni maji.

Alhamisi, 8 Juni.

Ndila amekuja na jicho la kushoto jekundu, limefura. Hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi: mwalimu, jicho hili likienda, cherehani nimwachie nani? Nikamshauri avumilie. Mutindi akamshika mkono, wakaenda kliniki ya macho. Nikafuata ili kuitetea sayansi.

Daktari wa macho ni Nthenya. Nilimfundisha darasa la sita na kumkata alama kwa kusahau mboni. Yeye hajasahau. Alitoa lenzi, akatia dawa, akasema siku mbili zaidi na jicho lingebaki na kovu. Kisha akataka kujua nilipima vipi.

Nikamwonyesha. Akaipindua Biblia juu chini, akampa Ndila, ambaye sasa hakuwa na lenzi wala miwani. Ndila akasoma Zaburi yote, bonde la uvuli wa mauti na kila kitu. Nthenya akafungua kitabu cha Hesabu, kwenye orodha ya makabila. Ndila hakusoma hata jina moja. Mutindi alicheka hadi akatafuta kiti.

Nthenya akanieleza taratibu, kwa sauti niliyoitambua kuwa yangu. Lenzi haiuzwi bila karatasi ya kipimo, yenye jina la mwenye macho, tarehe, na namba ya kila jicho. Na kazi ya daktari haiishii kwenye dawa: ni lazima amuulize mgonjwa lenzi amezitoa wapi, na aripoti. Alitaka wale wanne kabla ya jua kutua. Nimewapeleka. Kivuva nilimkuta kwa punda tena. Katoni nimeahidi kuifikisha kliniki Jumatatu.

Jumamosi, 10 Juni.

Mbooni. Ndila aliingia kanisani na miwani yake, jicho likiwa karibu kupona. Bwana harusi alisema kama Ndila angekuja bila miwani, angemuuliza ni binti wa nani. Nthenya alikuwepo. Nikakaa nyuma ya nguzo.

Jumatatu, 12 Juni.

Nimetafakari sana. Nthenya ana haki. Kosa langu lilikuwa moja: sikuwa na karatasi.

Sasa ninayo. Ni ya Ndila, aliyoandikiwa na Nthenya kliniki; Mutindi alimhifadhia ndani ya Biblia yetu. Namba mbili, sahihi, mhuri. Kazi safi, ningempa tisa juu ya kumi. Zimebaki jozi thelathini na tano, na Muli, karani wa shule yangu ya zamani, bado ana mashine ya stensili. Mahali pa jina paachwe wazi. Macho ni macho.

Leo, kabla Mutindi hajarudi kutoka sokoni: kumpelekea Muli karatasi, atoe nakala thelathini na tano.