Ukoo Usioanguka

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamua. Njiwa! Si hawa wa kuokota mahindi yaliyomwagika kwenye malori hapa Ipogolo. Njiwa wa sarakasi: wanaruka juu, halafu ghafla wanapinduka kinyumenyume mara kumi, mara ishirini, kisha wanaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeona video. Kundi zima lilipinduka kwa pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nimeitazama mara kumi na moja. Chai imepoa.

Benedicta aliposikia neno "banda" aliacha kukata mboga. Lile banda la nyuma analitamani siku nyingi kwa ajili ya kuku wake. Akanikumbusha uyoga. Akanikumbusha sungura. Akanikumbusha hata kware, jambo ambalo tulikubaliana lisitajwe tena humu ndani.

Tumewekeana masharti. Jumapili ya tarehe 22 ni sikukuu ya mavuno. Mama yake atakula kwetu baada ya ibada, na Mwinjilisti Philbert naye amealikwa. Njiwa wangu hata mmoja akipinduka mbele yao, banda ni langu moja kwa moja. Asipopinduka hata mmoja, kuku wanahamia siku hiyohiyo. Nimesema sawa kabla hajamaliza kuongea.

Jumanne, 3 Juni

Nimejiunga na kundi la WhatsApp la wafugaji. Nikauliza anayeanza aanze na njiwa wa rangi gani. Wamenicheka! Wanasema rangi si kitu. Kitu ni damu. Anayeanza achague ukoo mmoja tu, asichanganye, na asinunue kabla hajajua habari za wazazi na mababu.

Habari za ukoo? Mbona hiyo ndiyo kazi yangu! Nimekuwa mshenga mara tatu, na ndoa mbili bado zipo. Najua kuchunguza familia. Unaingia taratibu, unasifia ng'ombe, unaomba maji ya kunywa, halafu unauliza: kuna wezi? Kuna wavivu? Na swali kubwa kuliko yote, ambalo wazee wangu hawakuliacha hata siku moja: kuna ugonjwa wa kuanguka katika ukoo huu? Maswali yote nimeyaandika kwenye daftari.

Jirani yangu Zabron amechungulia juu ya ua akauliza njiwa watakuwa tayari kwa supu mwezi gani. 

Alhamisi, 5 Juni. Mbeya

Nimefika Uyole mchana. Baridi ya hapa haina adabu. Mfugaji anaitwa Asukile, mtu mrefu, koti zito, mabuti ya mvua. Alinisalimia Kinyakyusa, nikaitikia Kihehe, tukacheka wote wawili. Njiwa wake wadogo, manyoya yamesimama ovyo, na hawatulii. Nikasifia ng'ombe. Nikaomba maji. Nikafungua daftari.

Nilipofika kwenye swali la kuanguka, nilidhani atakasirika. Wapi! Yule bwana akafurahi. Akasema wote wanaanguka. Baba mtu ameanguka mwaka jana akagonga bati. Bibi yao aliangukia kwenye shamba la viazi la jirani. Shangazi mmoja alianguka hakuamka. Eti ndiyo damu yenyewe! Eti wanaozidisha mpaka chini huwaondoa, na wanaoanguka wakajishika katikati ndio anaowatunza.

Nimefunga daftari. Ingekuwa posa, ningeondoka kabla ya chai.

Alinisihi nilale hadi kesho, niwaone wakiruka, maana leo kulikuwa na ukungu na mwewe wanapita. Nikamshukuru, nikasema niliyoyasikia yananitosha. Hapo akanishika mkono akasema, "Kaka Kalinga, huwezi kutoka kwangu mikono mitupu," akanipa zawadi, jike moja la miezi minne, rangi ya udongo. Akasema huyu hajawahi kuruka hapa kwake hata siku moja, kwa hiyo atakapofunguliwa kwangu, kwangu ndiko atakakokujua kuwa kwao. Ningekataa, lakini mkewe Esnath alikuwa ameshatoboa matundu kwenye boksi la biskuti.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata! Ilula, barabarani kabisa, kwa mfanyabiashara wa nyanya anayeitwa Crispin. Nyuma ya kibanda chake kuna njiwa sita. Weupe, vifua vipana, wanatembea kama wazee wa kanisa wanaoingia kwenye kikao. Nikauliza kama kuna anayeanguka. Crispin alishtuka. Akaapa kwa jina la mama yake kwamba amewafuga miaka minne na hajaona hata mmoja akiyumba. Nikauliza kama wanapinduka. Akasema ukweli ni kwamba hajawahi kusimama kuwatazama, nyanya hazimwachii nafasi, lakini kwa vifua kama vile, ni nini kitakachowashinda?

Nikauliza tabia. Akasema hata uwapeleke mbali kiasi gani wakifunguliwa wanarudi. Nikaandika kwenye daftari: WAAMINIFU. Nikapiga mstari chini yake.

Nimewalipia kwa bomba langu la kupulizia dawa, lile la mgongoni, la enzi ya bustani yangu ya nyanya. Yeye analihitaji. Mimi bustani sina tena.

Jumatano, 11 Juni

Wale sita wametulia vizuri bandani. Siwafungulii bado. Kila asubuhi nawaonyesha video, simu nimeining'iniza kwenye msumari. Leo wameitazama dakika nzima. Mmoja ameidonoa.

Lakini kuna balaa. Nilipokuwa naingiza maji, yule wa Mbeya alinipita kichwani akatoka. Akapanda hadi juu ya mparachichi. Halafu akatupa mkia, akageuka kinyumenyume mara nne au tano, akishuka chini kama ndoo iliyokatika kamba.  Akajishika, akaruka tena, akatua juu ya bati, akanitazama.

Ugonjwa wa kuanguka! Si nilisema? Daftari halidanganyi. Nimeona kwa macho yangu kile nilichokikimbia Uyole.

Zabron aliona pia, akasema mbona ndicho nilichokuwa namwonyesha kwenye simu. Kwa subira kubwa nimemweleza kwamba kwenye simu wanapinduka kundi zima, kwa mpangilio. Huyu yuko peke yake, hana mwenzake, hana hata ishara ya kuanzia. Mtu wa supu ataelewa nini?

Nimekwenda duka la dawa za mifugo. Dada wa pale ameuliza mgonjwa anakula? Anakula. Analala? Analala. Basi amenipa vitamini.

Jumamosi, 14 Juni

Vitamini zimemzidishia. Leo ameanguka mara sita, na kila mara anashuka zaidi. Nahofia atawaambukiza wale sita. Nimewageuza waelekee ukutani wasimwone.

Benedicta ameacha kazi zake. Anakaa mlangoni na beseni la maharage, anatazama juu, anacheka peke yake. Amempa jina Chapati, kwa sababu ya kugeuzwageuzwa. Mchana akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo ilipaswa kunishtua, kama naweza kumpa huyo mgonjwa awe wake.

Kumpa? Kwa mikono miwili! Bahati nzuri Mwinjilisti Philbert alikuwa amepita kutukumbusha mahindi ya sadaka. Nikamwomba asimame awe shahidi, ili mtu asije akanirudishia kesho. Nikasema polepole, asikie kila neno: njiwa huyu kuanzia leo ni wa Benedicta, yeye na ugonjwa wake na yote yatakayompata. Mwinjilisti akasema amesikia. Benedicta akashukuru, akamweka kwenye tenga lake nje ya jiko. Ameniahidi kwamba mama yake akija, tenga litakuwa limefunikwa.

Jambo moja limekwisha. Nimekula vizuri jioni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefagia banda. Nimepaka chokaa mlango. Nimefanya mazoezi ya kunyanyua mkono kama mwalimu wa kwaya, maana lazima wapate ishara.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Sitaki banda tu. Nataka mara moja, mara moja tu, kitu nilichokianzisha kifike mwisho mbele ya watu, na mama mkwe aone. Kware walikufa siku aliyokuja kututembelea. Aliniambia pole mbele ya wanangu, na ile pole mpaka leo sijaimeza.

Jumapili, 22 Juni

Ibada imetoka saa saba. Wageni wamekula. Nimepanga viti uani, cha mama mkwe mbele. Zabron hakualikwa, amekuja na kigoda chake.

Nimetoa hotuba fupi juu ya ukoo. Nimesema nimepita Mbeya hadi Ilula kuchunguza damu, nikakataa iliyo na kasoro nikachagua iliyo safi, na kwamba wanachokwenda kukiona ni matunda ya uchunguzi. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali. Nikafungua mlango.

Wakatoka! Sita, weupe, mbingu ya bluu, upepo wa Juni. Wakazunguka paa mara moja. Wakazunguka mara ya pili. Hata Zabron aliinuka kigodani. Nikanyanyua mkono. Nikaushusha.

Wakashika barabara ya Ilula. Kwa mstari, bila haraka, bila kuyumba hata mmoja. Tuliwatazama mpaka wakawa nukta, kisha nukta zenyewe zikatoweka. Mkono wangu ulikuwa bado hewani kwa ishara ya pili.

 Mwinjilisti akakunja mikono kama anayesubiri sala ianze. Zabron akasema supu imetuaga. Mama mkwe akavuta pumzi, na nikajua ni ile pole inakuja.

Hapo Benedicta akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda kando ya jiko, akafunua tenga.

Nilipiga kelele. Nikawaambia wasitazame, huyu ni mgonjwa, ana ugonjwa wa kwao! Chapati alishafika juu, mdogo kama punje. Akatupa mkia. Akapinduka. Akapinduka na kupinduka, sijui mara kumi na tano, sijui ishirini, akawa mviringo mmoja wa rangi ya udongo ukishuka moja kwa moja juu ya nyumba yangu, na watu wote wakainama. Urefu wa mtu mmoja juu ya bati akajishika. Akaruka tena, akapinduka vilevile, kwa muda mrefu zaidi.

Mama mkwe alisimama akapiga vigelegele. Mama mkwe! Mwinjilisti alisema amina mara mbili. Na mimi, nasema kweli, machozi yalinitoka. Kilikuwa kitu kizuri kuliko video. Nikarukaruka kama mtoto. Nikapaza sauti kwamba njiwa amepinduka, mashahidi wapo, banda ni langu!

Mwinjilisti akakohoa. Akasema kwa heshima kwamba anakumbuka masharti yalisema njiwa wangu. Na anakumbuka pia siku ya tarehe 14 nilivyomwomba asikie kila neno. Akayarudia yote, pamoja na ugonjwa wake na yote yatakayompata. Ana kumbukumbu nzuri mno kwa mtu anayesahau namba za nyimbo.

Kuku wamehamia kabla ya chai. Wanne nimewabeba mwenyewe. Mama mkwe, wakati wa kuondoka, ameniambia pole.

Jumanne, 24 Juni

Siku mbili nimefikiri, na sasa naona kila kitu kwa uwazi.

Kwanza, Crispin amepiga simu. Njiwa sita wamefika kwake Jumapili ileile, jua likiwa juu, wazima wa afya. Ameuliza nakuja lini kuwachukua. Uaminifu ulioje! Na akili iliyoje! Njia hawajawahi kuiruka, wameipata bila kuuliza mtu. Damu kama hiyo utaipata wapi? Kesho nakwenda Ilula. Nitampa baiskeli yangu, amesema anaitaka. Safari hii nitawaonyesha video mara mbili kwa siku.

Pili, yule Chapati. Hakuna anayebisha kwamba ana kipaji. Tatizo lake ni moja tu, anaanguka. Dawa ninayo! Nitamwoza kwa dume mtulivu kuliko wote wa Ilula, damu nzito ya upande wa baba iitulize ile nyepesi ya Mbeya. Watoto watapinduka bila kuanguka hata kidogo. Nashangaa kwenye kundi la WhatsApp hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Mambo yafanyike kwa utaratibu. Nimeandika barua ya posa kwa Benedicta, karatasi ya mistari, mwandiko mzuri, nikaeleza kwamba upande wa bwana harusi hakuna wezi, hakuna wavivu, na tangu enzi hakuna aliyewahi kuanguka. Zabron amekubali kuwa mshenga. Ametoka hapa na barua, amerudi na kuku wawili wakimfuata na jibu la mdomo.

Benedicta anasema ukoo ameusikia na hana neno. Ana swali moja: bwana harusi anaishi wapi?

Swali la msingi kabisa. Nimechukua futi nikapima uvungu wa kitanda, upande wangu. Sita wanaenea, wakikaa kwa kubanana kidogo.