Gari Lililonyamaza

Jumatatu, 4 Machi.
Fedheha! Binti yangu, kitinda mimba, ametangaza mezani kwamba Jumamosi atakwenda harusini kwake kwa gari la mjomba wake. Langu, anasema, husikika kabla halijaonekana. "Baba, watu watadhani anakuja muuza sufuria." Mama yake akacheka. Dada yangu akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka, wasijue nimeumia. Chai ikanipalia.

Mjomba mwenyewe, shemeji yangu, alikuwapo. Namwita Bwana Laini: husema kwa upole, huendesha kwa upole. Yeye hakucheka. Alinihurumia. Afadhali angenizaba kofi.

Gari hili ndilo lililotuvusha mpaka tulipohama nchi yetu, watoto wamelala juu ya magodoro. Ni kweli kila mlango una njuga zake. Lakini baba gani hufuata msafara wa bintiye kwa nyuma, kama mgeni aliyepotea? Nimeomba muda mpaka Alhamisi. Nikilinyamazisha gari, atapanda. Amekubali, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto.

Jumanne, 5 Machi.
Nimenunua karatasi nzito za lami, upande mmoja bati jembamba, upande wa pili gundi. Hubandikwa ndani ya milango na sakafuni ili mabati yasitetemeke. Kazi ya kiungwana. Chini ya kila mlango nimekuta vitundu. Uzembe wa kiwandani! Nimeviziba vyote.

Karatasi hazishiki mpaka zipate moto. Nimeazima mashine ya binti yangu ya kukaushia nywele. Kuazima si neno lenyewe, maana hajui. Kwa kukandamiza nimetumia kifimbo cha jikoni cha kusukumia unga. Naye mwenye kifimbo hajui.

Kutoka ndani ya mlango wa nyuma imeanguka gololi. Ya mwanangu mkubwa, aliyeililia kutoka kwetu mpaka mpakani. Sasa ana mvi. Nimekaa nayo kiganjani muda mrefu kuliko kazi ilivyoruhusu.

Jumatano, 6 Machi.
Kifimbo kimeonekana. Mke wangu aliuliza lami imefikaje jikoni. Nikasingizia paka. Hatuna paka. Dada yangu akasema tangu utotoni uongo wangu hutoka nje bila nguo. Binti naye analalamika nywele zake zinanuka barabara mpya. Nilijitia kusoma gazeti. Lilikuwa la juzi.

Alhamisi, 7 Machi.
Majaribio. Wote watatu wakakaa nyuma, kama ilivyo desturi yao: mama, shangazi, binti. Miaka yote nimedhani wanabanana kwa kupendana. Leo nimejua. Ni baraza! Mbele hakujawahi kusikika kitu, kwa hiyo siri zote za nyumba hii huamuliwa mgongoni mwangu.

Gari likateleza kama kisu kwenye siagi. Nikafungua kinywa nijisifu, ndipo nikamsikia binti yangu. Mumewe mtarajiwa amepata kazi nchi ya mbali, yenye baridi. Wanahamia huko mara baada ya harusi. Wote wanajua. Mimi sijui. Mama yake akamhimiza aniambie. Akajibu anaogopa: "Baba alihama mara moja tu, na mpaka leo hajamaliza kuhama."

Nikapita taa nyekundu.

Muungwana angekohoa. Sikukohoa. Nilipaza sauti kama zamani, mnasemaje huko nyuma? Wakanipigia kelele, "Tunalisifu gari!" Nikazunguka mtaa mzima upya ili nisikie zaidi. Niliona haya. Nikazunguka tena.

Ameridhika na gari. Atapanda. Nimeshinda, na sina raha.

Ijumaa, 8 Machi.
Mvua tangu asubuhi. Nimewapeleka kwa fundi cherehani kwa njia ndefu kabisa. Nimeambulia haya: kesho binti atakaa mbele, aniambie mwenyewe. Basi nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Nyusi juu. Mdomo wazi kiasi. Mke wangu akaniuliza kama ni jino.

Jambo jipya. Kila nikikata kona, milango inasema chubwi, chubwi. Nimewaambia ni tangi la mafuta. Dada yangu akauliza tangu lini tangi likakaa mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi.
Siku ya siku. Binti yangu mbele, amependeza mpaka nikashindwa kumtazama sawasawa. Gari kimya. Akanishika mkono, akasema, "Baba, nina neno." Nyusi zangu zilikuwa tayari. Mdomo ndio ulionisaliti. Kabla hajasema lolote nikamwambia, "Huko baridi ni kali, mwanangu. Ukifika tu, nunua koti zito."

Kimya. Kimya nilichokigharamia mwenyewe. Nilimsikia dada yangu akimeza mate.

Mke wangu akauliza, polepole, nimeanza lini kusikia. Nikasema leo. Binti akanigeukia: "Na jana, ulituzungusha mji mzima kwa ajili hiyo?" Nikakazia macho barabara. Hakunifokea. Wanja ukaanza kuteremka. Akasema siku nyingi alikuwa akiyachagua maneno, ili niyapate kwake, si kwa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza nililiomba gari lipige kelele. Likanyamaza kwa ukatili.

Tukafika. Wakwe wamejipanga. Nikaruka kumfungulia mlango, nao ukatetemeka, karatasi ya chini ikabanduka, na mvua yote ya jana, iliyokuwa imehifadhiwa humo kwa juhudi zangu, ikamwagika juu ya viatu vyake. Vile vitundu! Ni vya kutolea maji!

Bwana Laini akatokea na taulo. Anaweka taulo garini. Bila shaka anaweka.

Binti yangu aliingia na viatu vilivyolowa, ameshika mkono wangu. Wangu, si wa mjomba. Hilo lilinichoma kuliko matusi.

Jumatatu, 11 Machi.
Nimeomba radhi mbele ya wote. Binti amenisamehe. Ndege yao ni Alhamisi. Bwana Laini alijitolea kuwapeleka, lakini binti akasema atapanda langu, kwa sharti moja: niape kwamba karatasi zote zitang'olewa, ili aagane na mama yake kwa faragha. Nimeapa. Mkono kifuani.

Nimeng'oa za mbele. Nimelegeza kidogo boneti, ipige makelele ya kutosha wakati wa kuondoka, wasitie shaka. Za nyuma nimeziacha. Chini ya kiti chao, kusema kweli, nimeongeza.

Si udaku. Ijumaa ile, pale kwenye matuta ya barabara, binti alimwambia mama yake watarudi lini, na mimi sikulipata lile neno. Ningeweza kumuuliza tu, uso kwa uso, kama baba. Lakini tabaka la pili limeshika vizuri ajabu, na barabara ya uwanja wa ndege ni ndefu.